Kuzungumza na Vijana Kuhusu Vilevi: Thamani ya Neno Lisilotiwa Chumvi



Lengo la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba kijana huyapima maneno ya mtu mzima kuhusu vilevi kwa ukweli wake kabla ya kuyapima kwa ukali wake, na kwamba mzazi, mwalimu au kiongozi wa dini anayetia chumvi anapozungumzia kilevi chepesi huwa tayari amekwisha kupoteza msikilizaji atakapofika kwenye kilevi kizito. Mhadhara hautagusa kwa undani kazi za polisi, mahakama na forodha, kwa kuwa hizo zina wenyewe; utajikita katika mazungumzo ya nyumbani, darasani na mtaani.

Istilahi chache zinahitaji kuelezwa mapema. Rika la balehe, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ni umri wa kuanzia miaka 10 hadi 19. Vilevi, katika mhadhara huu, ni kila kitu kinachobadilisha hali ya akili, kiwe kimeruhusiwa na sheria au kimekatazwa: pombe, tumbaku ya kuvuta na ya kubugia, shisha, bangi, mirungi ambayo upande wa Kenya huitwa miraa, heroini ambayo mitaani huitwa unga, vidonge vya usingizi na dawa za maumivu zinazomezwa bila cheti cha daktari, pamoja na gundi ya viatu inayonuswa na watoto wa mitaani. Uraibu ni hali ya mwili na ubongo kukizoea kilevi kiasi kwamba mtu huendelea kukitumia hata pale anapoyaona madhara yake na kutamani kuacha.

Mifano mingi itatoka pwani ya Afrika Mashariki, tangu Lamu na Malindi, kupitia Mombasa, Tanga na Unguja, hadi Dar es Salaam, na uteuzi huo una sababu. Tangu miaka ya 1980 pwani hii imekuwa njia ya heroini inayotoka Afghanistan, ikishuka hadi ufuko wa Makran ulioko Iran na Pakistan, kisha ikisafirishwa kwa majahazi kuelekea kusini. Mwezi Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja katika maji ya mashariki ya Mombasa. Bidhaa ikipita mahali kwa miongo kadhaa, sehemu yake hubaki palepale, na kijana wa miji hii huwa karibu na unga kuliko wenzake wengi wa bara, bila yeye kuchagua ukaribu huo.

1. Kijana hakosi habari

Hoja ya kwanza inaanzia kwenye ubongo. Sehemu yake ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima matokeo, kuahirisha starehe na kuzuia pupa, haikamiliki kukomaa hadi mtu anapofikia katikati ya miaka ya 20, ilhali mfumo wa raha na msisimko, unaotumia kemikali iitwayo dopamini, hupamba moto mapema zaidi, pindi kubalehe kunapoanza. Kilevi kinachoingia katika kipindi hicho hukuta ubongo ambao bado unajijenga, na huo ndio msingi wa kuongezeka kwa hatari ya uraibu kwa wanaoanza mapema. Makadirio ya watafiti wa Marekani, ambayo hunukuliwa mara nyingi, ni kwamba katika kila watu 10 waliowahi kutumia bangi mmoja hivi hugeuka mraibu wake, lakini kwa walioanza wakiwa vijana wa rika la balehe uwiano huo huwa mmoja katika kila 6.

Kutokana na maelezo hayo wengi huhitimisha kwamba kijana hajui hatari na kwamba dawa yake ni kumjaza habari. Hitimisho hilo ni potofu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha utafiti ambamo watu wa rika tofauti walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana mbele ya wenzao kuliko walipokuwa peke yao, wakati watu wazima hawakubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Mwanafunzi aliyekariri madhara 10 ya sigara na kupata alama zote katika mtihani anaweza kuipokea sigara hiyohiyo jioni ileile maskani, yaani pale vijana wanapokutana kupiga soga, kwa sababu swali la maskani si la madhara, ni la kuonekana vipi na wenzake.

Kwa hiyo mazungumzo yenye maana hayana budi kuifikia saa hiyo ya maskani. Kijana anahitaji kuwa na maneno yake mwenyewe, mafupi, yasiyomvunjia heshima mbele ya wenzake, na ayafanyie mazoezi nyumbani kama anavyofanyia mazoezi penalti. Mzazi naye akubali kugeuzwa kisingizio. Kijana anayesema, “Mzee ananinusa mdomo kila nikirudi,” amejitoa bila kumhukumu mtu yeyote, na baba aliyesingiziwa hana alichopoteza. Afadhali hata amnuse kweli, ili neno la mwanawe lisiwe la uongo.

2. Gharama ya kutia chumvi

Hoja ya pili ndiyo kiini cha mhadhara, na wasikilizaji wanaombwa subira, kwa kuwa itachukua muda mrefu kuliko nyingine.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu anayesimama mstarini asubuhi na kutangaza kwamba mwanafunzi atakayevuta bangi hata mara moja atakuwa mwendawazimu. Katika mistari ile yumo mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye ami yake huvuta bangi miaka nenda miaka rudi, na bado alfajiri hushusha ngalawa, hurudi na samaki, na huhesabu fedha zake bila kukosea hata senti. Mwanafunzi huyo hamwiti mwalimu mwongo, maana adabu hairuhusu. Hufanya jambo la hatari zaidi, humwondoa mwalimu katika orodha ya watu wanaojua. Wiki ya pili, mwalimu yuleyule anapozungumzia unga, ambao kwa hakika unastahili kila neno la tahadhari, maneno yake hupita juu ya kichwa cha mwanafunzi huyo kwa sababu hukumu ilikwisha kutolewa.

Na hakuna haja ya kutia chumvi, kwa kuwa ukweli wenyewe kuhusu bangi unatosha kumfanya kijana mwenye akili asite. Mwaka 1987 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliowafuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 wa Sweden waliokuwa wameandikishwa jeshini, na ikaonekana kwamba waliokuwa wamekwisha kutumia bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, mara 6 zaidi ya wale ambao hawakuwahi kuitumia. Mtu mwaminifu ataongeza, hata kabla kijana hajauliza, kwamba walio wengi kati ya watumiaji hao hawakuugua, na kwamba watafiti hadi leo hujadiliana ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na bangi yenyewe. Kisha atasema lililo zito: wanaoumia ni wachache lakini hawajulikani mapema, isipokuwa kwamba mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili yumo katika hatari kubwa kuliko mwenzake. Kijana wa miaka 16 anaweza kulitafakari neno la namna hiyo, na hata kumwuliza bibi yake kuhusu ndugu wa ukoo ambao habari zao hazitajwi.

Kuna sababu nyingine ya pwani inayofanya usahihi uwe lazima. Katika miji iliyotajwa, bangi na unga havikai mbali kama yanavyokaa majina yake. Iko sigara iitwayo kokteli, ambayo ni msokoto wa bangi ulionyunyizwa unga kabla ya kufungwa, na kwa macho haitofautiani sana na msokoto wa kawaida. Harufu yake huwaeleza wazoefu tu. Kijana aliyeambiwa kwamba vilevi vyote ni sumu moja, kisha akajaribu bangi na kuona hakufa, ndiye anayepokea pafu la msokoto ambao hakuusokota mwenyewe. Kwake yeye, maelezo ya kweli ni mawili na ni mafupi: hujui kilichomo, na unga haumpi mtu muda mrefu wa kubadili mawazo. Baada ya majuma machache ya kuutumia kila siku, mtumiaji hautafuti tena kwa ajili ya raha, huutafuta ili kuikimbia arosto, yaani maumivu ya mwili uliokosa unga, ambayo huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho kwa miayo, makamasi na machozi, kisha hufuatwa na kuhara, kutetemeka na maumivu ya mifupa yanayomkosesha mtu usingizi. Dar es Salaam iliona tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 jinsi waliokuwa wakivuta walivyohamia kwenye sindano, na sindano zilizotumiwa kwa zamu zikaleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Upungufu wa ukweli una upande wa pili pia, ule wa kupunguza, na hapa waheshimiwa wazazi watavumilia kuguswa. Watu wazima huzidisha ubaya wa vitu wasivyotumia na kupunguza ubaya wa vile wanavyotumia wenyewe. Shisha iliingia harusini na hotelini kama mchezo wa mvuke wenye ladha ya tufaha, na wengi waliamini kwamba maji ya chupani huusafisha moshi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kikao kimoja cha shisha cha muda wa saa moja huweza kumwingizia mvutaji moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, na juu yake iko hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa. Tanzania iliipiga shisha marufuku mwaka 2016, nazo Kenya na Rwanda mwaka 2017. Hata hivyo mwana anayekumbuka picha za harusi ya dada yake ana haki ya kuuliza ni lini familia ilibadili fikra.

Mataifa mengine yamekwisha kulilipia kosa hili la kutia chumvi. Mwaka 1983 mji wa Los Angeles ulianzisha mpango wa D.A.R.E., ambao uliwaingiza askari polisi madarasani kuwafundisha wanafunzi kukataa vilevi, ukaenea Marekani nzima na kuvuka mipaka. Tafiti zilizofanywa katika miaka ya 1990 ziliwalinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, na hazikuona tofauti ya maana katika matumizi yao. Mwongozo wa kimataifa wa kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2018, unayataja masomo ya kutisha peke yake na ushuhuda wa waraibu wa zamani mbele ya wanafunzi miongoni mwa mbinu zisizo na matokeo au zenye matokeo ya kinyume. Kutajwa huko kwa ushuhuda kwaweza kuwaumiza baadhi ya waliomo ukumbini, ambao wameifanya kazi hiyo kwa moyo safi. Ila itazamwe kwa jicho la mvulana wa miaka 14: mbele yake amesimama mtu wa miaka 40, mwenye afya na shati lililopigwa pasi, anayesimulia hatari alizopita na kupigiwa makofi. Anachojifunza mvulana ni kwamba watu huingia na kutoka. Waliopata nafuu wana kazi kubwa isiyoweza kufanywa na mtu mwingine, lakini mahali pake ni katika nyumba za kupata nafuu, ambazo Zanzibar imezizoea kwa jina la soba hausi, na katika vikao vya wazazi waliokata tamaa.

3. Mazungumzo yenyewe

Hoja ya tatu ni ya utendaji. Mama anafua siku ya Jumamosi. Shati la shule la mwanawe wa miaka 15 linanuka tufaha na moshi, na mfukoni anakuta pipi kifua pamoja na kidomo cha plastiki, kile kinachochomekwa kwenye mpira wa shisha ili kila mvutaji awe na chake. Njia iliyozoeleka ni kumwita kijana saa hiyohiyo, wadogo zake wakitazama na jirani akisikiliza dirishani, na kumuuliza ameanza lini uhuni. Jibu linajulikana: shati aliliazima mwenzake. Kuanzia hapo kijana ana uongo wa kuulinda, na mama ana uongo wa kuuvunja, na shisha imesahauliwa na wote wawili.

Njia ya pili inaanza kwa kungoja. Jioni, wadogo wakiwa nje, mama anamwita amsaidie kuchambua mchele. Kazi ya mikono ina faida yake, kwa sababu kijana anayetazamwa usoni hujiona yuko kizimbani, ilhali aliyeinamia sinia hupata pa kuweka macho. Mama anasema, “Baba, leo nimefua shati lako. Lina harufu ya shisha, na kidomo chake nimekiona. Sikukuita nikugombeze. Nataka kujua ilikuwaje.” Kisha ananyamaza, na kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko maneno yote, kwa kuwa sekunde 20 za ukimya huonekana ndefu kama hotuba. Kijana anajibu, “Ilikuwa kwa kina mwenzetu mmoja, mama. Wote walivuta.” Mama haulizi ni kina nani, anauliza, “Na wewe uliionaje?” Kijana anakiri kwamba alipata kizunguzungu na nusura atapike. Mama mwenye pupa angedakia hapo na kusema, “Unaona sasa!” na mlango ungefungwa. Mama mwenye subira anauliza tena: “Ikawaje, ukaendelea?”

Nyuma ya mfano huo kuna mbinu yenye misingi ya kitaaluma. William Miller na Stephen Rollnick, wanasaikolojia waliofanya kazi na walevi, waliendeleza namna ya kuzungumza ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa usaili wa kuhamasisha, yaani kumwuliza mtu kwa namna inayomwezesha kuzitaja mwenyewe sababu za kubadilika, kwa kuwa sababu iliyotoka kinywani mwake humfunga kuliko ile aliyomiminiwa. Kijana aliyesema kwamba alitaka kutapika amekwisha kutoa hoja dhidi ya shisha; kazi ya mama ni kuilea hoja hiyo. Baadaye, kama kijana amemaliza, mama anaweza kuongeza jambo moja la kweli, kama lile la moshi na maji, na kuishia hapo.

Hayo hayana maana kwamba mipaka iondolewe. Mpaka ulio wazi, uliotajwa kabla ya kosa na si katikati ya hasira, mdogo kiasi cha kuweza kutekelezwa, ni sehemu ya mazungumzo: kwa mfano, asitoke baada ya sala ya isha kwa majuma mawili. Adhabu kubwa inayotangazwa Jumamosi na kusahauliwa Jumatatu humfundisha kijana kwamba maneno ya nyumbani ni upepo. Wala mazungumzo yasiwe ya siku moja. Dakika 10 zinazorudiwa mara kwa mara, tangu mtoto akiwa na miaka 9 au 10, zikianzia kwenye dawa zilizomo kabatini na kwa nini hazimezwi ovyo, hufanya kazi ambayo kikao kimoja cha saa 3 hakiwezi.

Swali moja huwapata wazazi bila kujiandaa: “Na wewe, baba, uliwahi?” Jibu lifaalo ni fupi na la kweli. Aliyewahi aseme kwamba aliwahi, aseme ilimgharimu nini, wala asigeuze mambo hayo kuwa kisa cha ujana kinachochekesha.

4. Nani azungumze

Jamii za pwani hazikuwahi kumwachia mzazi peke yake mambo mazito ya balehe. Msichana alikuwa na somo au kungwi wake, mvulana alikwenda jandoni, na utani kati ya babu na mjukuu ulitoa ruhusa ya kusema yale ambayo mbele ya baba yangekuwa ufedhuli. Mjomba, shangazi au babu anayeaminika bado anaweza kulifikia sikio ambalo mzazi halifikii, mradi aambiwe mapema anachotakiwa kufanya, asije akageuka mpelelezi wa baba. Kijana akigundua kwamba siri aliyomwachia mjomba imefika mezani kabla ya chakula cha usiku, njia hiyo imekufa.

Wa kwanza kuzungumza, hata hivyo, ni mwenendo wa mtu mzima. Baba anayemtuma mwanawe wa miaka 11 dukani kununua sigara moja ya rejareja amefundisha somo lisilofutika, na mwenye duka anayeiuza amevunja sheria ya Tanzania ya mwaka 2003, inayokataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Ugumu wa aina nyingine uko mpakani: mirungi ni zao halali la biashara huko Meru, na ni kosa la jinai mtu akivuka Horohoro nayo. Kijana wa Tanga akiuliza iweje, aambiwe kwamba sheria na afya ni hesabu mbili. Kila nchi huandika yake ya kwanza, na ya pili huandikwa na mwili, ambao kwa mirungi hukosa usingizi, hamu ya kula na utulivu popote pale.

5. Usiku wa hatari

Familia nyingi hazijawahi kuzungumzia la kufanya kijana anapozidiwa na kilevi, na kimya hicho huua. Kijana aliye na wenzake, mmoja wao akazidiwa, hufikiri kwanza juu ya kipigo cha nyumbani, kisha polisi, na mwisho juu ya mwenzake. Ni vema basi ahadi itolewe mapema na kwa maneno yasiyo na masharti: “Piga simu saa yoyote, nitakuja, na maswali yatakuwa ya kesho.” Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, simu ya pili haitapigwa.

Kijana afundishwe pia dalili. Aliyezidiwa na unga hupumua polepole mno au kwa kukoroma, midomo na kucha zake hugeuka rangi ya bluu au kijivu, na haamki hata akiitwa kwa nguvu. Alazwe ubavu, asimiminiwe maziwa wala maji kinywani, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali haraka, mahali ambapo dawa iitwayo naloksoni huweza kuurudisha mfumo wa kupumua. Kwa anayenusa gundi hatari ni nyingine, maana moyo waweza kusimama ghafla hata kwa mara ya kwanza, hasa akishtuliwa na kukimbizwa. Wanaowafukuza watoto wa mitaani kwa fimbo wakumbuke hilo.

Mzazi aliyegundua kwamba mwanawe ni mraibu wa unga huelekea kumfungia chumbani au kumpeleka shamba kwa ndugu. Ifahamike kwamba mwili uliokaa majuma kadhaa bila unga hupoteza ustahimilivu wake, na kipimo alichokuwa amekizoea zamani ndicho kinachomuua siku ya kurudi mjini. Tiba ipo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu ili kuzuia arosto, na huduma hiyo imefika mikoa mingine na Zanzibar, huku Kenya ikifuata Nairobi na Pwani. Kwa ushauri wa mwanzo, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa Tanzania na Kenya, na Kenya ina pia namba 1192 ya mamlaka yake ya kupambana na mihadarati.

6. Saa zilizo wazi

Mazungumzo mazuri hayawezi kushinda mazingira mabaya peke yake. Hadi mwaka 2017 pombe kali iliuzwa Tanzania katika viroba, vifuko vya plastiki vya bei ndogo vilivyoenea mfuko wa sare ya shule; marufuku iliyoanza tarehe 1 Machi mwaka huo ilifanya kazi ambayo mahubiri hayakuiweza. Iceland nayo, ambako mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia, iliwapa vijana ruzuku ya michezo na muziki, ikasimamia sheria inayowataka wa miaka 13 hadi 16 wawe nyumbani ifikapo saa 4 usiku majira ya baridi, na wazazi wa kila shule wakakubaliana kanuni za pamoja. Kufikia mwaka 2016 asilimia hiyo ilikuwa 5. Nchi hiyo ni tajiri na watu wake ni wachache kuliko wa wilaya moja ya Dar es Salaam, kwa hiyo fedha zake haziwezi kuigwa. Makubaliano ya wazazi hayahitaji fedha.

Kila tarehe 26 Juni, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1987, miji ya pwani hufanya maandamano, fulana hugawiwa na mabango hubebwa. Mwaka ujao kamati za shule zingeweza kuitumia siku hiyo kuwaketisha wazazi wa darasa la saba peke yao, wakajifunza kuhusu kidomo cha shisha, kokteli na arosto, wakafanya mazoezi ya kuuliza na kunyamaza, na wakakubaliana saa moja ya watoto wote wa mtaa kurudi nyumbani. Darasa la saba limechaguliwa kwa makusudi. Tanzania Bara mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari, na katika miezi hiyo mtoto wa miaka 13 au 14 hana shule, hana sare, hana kengele ya asubuhi. Maofisa wa kata, walimu wa madrasa na makocha wa timu za mtaani waliomo ukumbini wanaombwa wabaki baada ya maswali ili ratiba ya miezi hiyo, kuanzia Septemba hii, iandikwe leo kabla ya magharibi.